Mama ananiuliza: Mungu anaijua harufu hii?

Shikamoo Mama, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nakaa Muheza, na kanisani kwetu nafundisha watoto wa Shule ya Jumapili. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, mwezi wa nane. Upande wake wa kulia umelala kabisa, maneno yanatoka kwa taabu, na haja zote ni hapo hapo kitandani. Kaka zangu wako Dar es Salaam na hutuma chochote wakipata. Kazi ya mikono ni yangu.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nilikuwa nawafundisha watoto habari za kuzaliwa kwa Bwana. Mtoto mmoja, wa miaka kama 7, akanyoosha kidole: "Mwalimu, Yesu alipokuwa mchanga alikuwa anajinyea?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikakasirika. Nikamwambia Yesu ni Mungu, na Mungu hana mambo hayo, kisha nikamsimamisha ukutani mpaka kipindi kikaisha.

Usiku ule ule mama akaharisha. Nilibadilisha shuka mara mbili, na mara ya tatu hapakuwa na shuka kavu, nikatandika kanga zangu. Nilipokuwa namfuta aligeuza uso ukutani, akasema taratibu, neno moja moja: "Mwanangu. Mungu. Anaijua harufu hii?" Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia alale, nikatoka nje kufua, nikalia huko huko karoni.

Kuna kikundi cha maombi ambacho nilikuwa nahudhuria kila Jumatano na Ijumaa. Tangu mama augue siendi. Kiongozi wetu alinijia nyumbani akanionya kwamba najishughulisha mno na mambo ya mwili, na Bwana mwenyewe alisema mwili haufai kitu. Kwamba kama ningefunga siku 3 pamoja nao, badala ya kukaa na beseni na taulo, mama angekuwa ameshainuka. Maneno hayo yananirudia kila ninapochemsha maji.

Na jirani yetu, mama wa Kiislamu, mtu mzima, ndiye huja kila asubuhi tukamgeuza mgonjwa pamoja, Mungu ambariki. Juzi aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mnasema Mungu alikuwa kichanga. Sasa wakati huo dunia ilikuwa inaendeshwa na nani?" Hilo nalo likanishinda.

Nisaidie, Mama. Yule mtoto nilimdanganya? Mama yangu nimwambie nini? Na ni kweli kwamba mwili nimeupa nafasi ya Mungu?

Mwalimu wa watoto, Muheza

*

Marahaba mwanangu. Milele na milele, amina. Pole kwa kuuguza. Barua yako niliisoma jioni, nikaisoma tena alfajiri kabla sijasali, kwa sababu mimi pia nilimwosha baba yangu miezi minne kabla hajatutoka, na karo unayoisema naijua.

Nianze na mtoto, maana siku ile ni yeye aliyekuwa karibu na imani ya Kanisa kuliko sisi watu wazima. Jibu la swali lake ni ndiyo. Alikuwa anajinyea, na Mariamu alikuwa anamsafisha. Luka hakuona haya kuligusa jambo hili. Malaika anawapa wachungaji ishara ya kumtambua Mwokozi, na ishara yenyewe haikuwa moto wala radi: "Mtamkuta mtoto mchanga amevikwa nguo za kitoto, amelala katika hori ya kulia ng'ombe." Nguo za kitoto! Wewe unajua nguo za mtoto mchanga ni za kazi gani. Halafu Luka anaendelea: siku za kutakasika zilipotimia wakampeleka hekaluni, na sadaka yao ilikuwa ya watu wasio na kitu, ndege wawili. Kwa torati ya Musa, aliyezaa mtoto wa kiume alihesabu siku 7, kisha nyingine 33. Jumlisha. Mariamu alitimiza arobaini, kama mzazi yeyote wa pwani hii anavyotimiza arobaini yake, akiwa na damu ya uzazi na maziwa yanayovuja.

Kwa hiyo ndiyo, yule mtoto ulimwambia visivyo, ingawa najua hukukusudia uongo. Ulitaka kuilinda heshima ya Bwana. Lakini kuna heshima ambayo Bwana mwenyewe aliikataa. Kanisa lilipambana na watu wa heshima ya namna hiyo tangu mwanzo. Walikuwapo waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kama ana mwili, kwamba chakula na maumivu vilikuwa kivuli, kwa kuwa haifai Mungu kuguswa na vitu hivi. Ignatio, askofu wa Antiokia, alikuwa njiani amefungwa minyororo, anapelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, akaandika barua kuwajibu: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, basi mimi nimefungwa kwa ajili ya nini? Mtu anayengojea kuliwa na wanyama hafarijiwi na kivuli. Wala anayeuguza.

Sasa fungua Yohana sura ya 1 katika Biblia yako ya Kiswahili, na uisome kama mwalimu. "Neno" liko katika ngeli ya li-ya. Tunasema neno limesemwa, neno lilikuwepo. Lakini waliotutafsiria Maandiko hawakuandika "lilikuwako". Waliandika: "naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Sarufi iliwabana wakaivunja kwa makusudi, kwa kuwa anayesemwa hapo ni mtu, si sauti. Kisha mstari wa 14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mstari huu ndio ndugu zetu Wakatoliki wanaouita fumbo la Umwilisho, nasi wote tunaukiri kila tunaposema Imani. Yohana, kwa Kigiriki chake, ametumia neno lenye maana ya kupiga hema katikati ya watu. Ila mimi hupenda jinsi Kiswahili kilivyolisema. Mtu akikuuliza, "Yule binamu yenu anaishi wapi siku hizi?" unajibu, "Anakaa kwetu." Maana yake anakula tunachokula, anajua paa linavuja wapi, anasikia mama akikohoa usiku. Hivyo ndivyo Neno alivyokaa.

Jirani yako ameuliza swali la zamani sana, tena la haki. Waislamu wanamheshimu Isa bin Maryamu kama nabii aliyezaliwa na bikira, lakini kwamba Mungu azaliwe hawakubali, maana kwao ni kumpunguzia Mungu ukuu wake. Usimfiche kwamba hapo tunatofautiana. Mtu anayekusaidia kumgeuza mama yako kila asubuhi anastahili jibu la kweli. Mwambie Wakristo hawasemi kwamba Mungu aligeuka akawa mtoto, mbingu ikabaki tupu. Athanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri, aliyefukuzwa katika mji wake mara 5 kwa sababu kubwa ya kuisimamia imani iliyokiriwa na mkutano wa maaskofu huko Nisea mwaka 325, alilijibu hili: Neno hakufungiwa ndani ya mwili wake kama maji ndani ya mtungi. Akiwa ndani ya mwili wa kibinadamu, alikuwa bado anavitegemeza vitu vyote. Na akaongeza mfano ambao nakuomba uukumbuke ukiwa na beseni lako: jua linagusa kila kilicho duniani na halichafuki, bali ndilo linaloangaza na kusafisha. Sembuse yeye aliyeliumba jua.

Mwaka 451, huko Kalkedonia, maaskofu walikaa wakatafuta maneno. Walikiri kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mwanadamu kweli, na hali zake mbili hazikuchanganywa, hazikugeuzwa, hazikugawanywa, hazikutenganishwa. Hata hivyo si wote waliokubali. Kanisa la Wakopti wa Misri na la Ethiopia, makanisa ya Afrika ya kale kuliko yetu, walihofia maneno hayo yanamgawa Kristo mmoja, na mpaka leo wanasema namna yao. Lakini nao wanakiri kwa moyo wote kwamba mwili ule ulikuwa mwili wa kweli. Jirani yako huenda asikubaliane nawe hata kidogo. Mpe chai, mwendelee kumgeuza mama.

Nije kwa mama.

Anapouliza kama Mungu anaijua harufu, haulizi kama Mungu ana habari. Anajua Mungu anaona yote. Anauliza kitu ambacho sisi Waswahili tumekisema siku zote, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliye nje ya kaburi anaweza kuwa na huruma, anaweza kuwa na elimu yote, ila haijui. Na mama yako, amelala upande mmoja, uso ukutani, anauliza kama Mungu wake yuko nje ya kaburi au ndani.

Msomee Yohana 11. Usisome haraka. Lazaro amekufa siku 4. Bwana anafika, anamkuta Mariamu, dada yake Lazaro, analia, na Yohana anaandika mstari mfupi ambao watoto wako wanaupenda kuukariri: "Yesu akalia machozi." Kisha anasema waliondoe jiwe. Na Martha, mwanamke wa nyumbani kama wewe, anayejua mambo yanavyokuwa, anamzuia: "Bwana, ananuka sasa." Hilo limo katika Injili, mwanangu. Limeandikwa. Bwana hakurudi nyuma, wala hakumkemea Martha kwa kutaja harufu. Jiwe likaondolewa naye amesimama pale pale. Anayesimama hapo ana pua.

Na muda si mrefu baadaye yeye mwenyewe akavuliwa nguo, akapigwa mpaka damu, akaomba maji: "Naona kiu." Tunakiri kila Jumapili kwamba akasulubiwa, akafa, akazikwa. Tunaposema hivyo hatusemi Uungu uliugua au ulikufa. Tunasema Mwana wa Mungu, yeye mwenyewe na si mwingine kwa niaba yake, alikufa katika mwili aliouchukua kwetu. Wakamfunga sanda. Methali yetu inasema aijuaye ni maiti, na huyu tunayemwomba alikuwa maiti. Mwambie mama hivyo, kwa maneno yako mwenyewe. Barua kwa Waebrania inasema hatuna kuhani mkuu "asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu." Kuchukuana, mwanangu. Kama wewe na jirani mnavyomchukua mama, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Na maneno yake yanayotoka kwa taabu? Hapo pia Kanisa lilishawahi kupigana. Katika karne ya 4 Apollinari alifundisha kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kibinadamu, lakini mahali pa akili ya kibinadamu pakakaliwa na Neno. Gregori wa Nazianzo alimjibu kwa hoja ambayo haijazeeka: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama hakutwaa akili yetu, akili yetu imeachwa nje ya wokovu. Luka anasema Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo. Maana yake alijifunza. Palikuwa na siku hakuweza kutamka neno hata moja, akalia tu, na mamaye akabahatisha kama ni njaa au ni baridi. Mama anapotafuta jina lako dakika nzima na asilipate, yuko mahali ambapo Bwana amewahi kuwa.

Sasa kiongozi wako wa maombi. Nitasema wazi, kwa kuwa jambo hili linaumiza wauguzaji wengi. Alichokosea ni neno lenyewe, "mwili". Kiswahili kimelibebesha mzigo wa maana mbili. Paulo anapoorodhesha matendo ya mwili kwa Wagalatia, anataja uasherati na ulevi, ni kweli, lakini anataja pia uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, husuda. Fitina haihitaji ngozi wala mifupa. Mtu anaweza kufunga siku 40, akawa mwembamba kama ufito, na bado akajaa matendo ya mwili. Paulo anasema habari za mtu aliyemgeuzia Mungu kisogo. Hasemi habari za mgongo wa mama yako anayelala kitandani.

Na ule mstari, "mwili haufai kitu", uko Yohana 6:63. Ni kweli uko. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 51, Bwana amesema chakula atakachotoa ni mwili wake, "kwa ajili ya uzima wa ulimwengu." Hawezi kuwa alikuwa anausema mwili ule kwamba haufai. Aliwaambia watu waliomsikia kwa akili ya tumbo tu, bila Roho. Ukiukata mstari huo ukaubandika kwenye kitanda cha mgonjwa, umeufanya useme jambo ambalo Yohana yule yule aliliita la mpinga Kristo, kukana kwamba Yesu amekuja katika mwili.

Kufunga na kuomba ni vyema, nami nafunga. Ila tazama Yakobo alivyoagiza: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta." Wanaitwa, wanakuja. Mgonjwa ndiye kituo, na mikono inamgusa. Kwa hiyo usiende kuomba msamaha kwa kukosa Jumatano na Ijumaa. Waalike. Wapange siku, waje kwako, waimbe kando ya kitanda, na mmoja wao ashike ndoo. Kuhusu kuinuka kwa mama, hakuna aliyepewa kusema kwamba asipopona ni kwa sababu hukufunga. Kiharusi ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka kichwani. Usikubali kubeba lawama ya mshipa.

Kuna mtu mmoja ambaye dayosisi yake zamani zile ilifika mpaka huku kwenu Magila, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924. Fumbo hili la Neno kufanyika mwili ndilo alilolisomea na kuliandikia kitabu kabla hajawa askofu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda bara akiwaongoza wapagazi wa Zanzibar, watu ambao majeshi yaliwahesabu kama mizigo. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana waliopenda sana ubani, tabenakulo (kisanduku cha kuhifadhia Komunyo) na ibada nzuri, akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabenakulo kama hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Waende wamtafute kwa waliovaa matambara na waliopoteza tumaini, na wakimwona, wajifunge taulo lake wawaoshe miguu.

Ni taulo la Yohana 13. Bwana aliondoka chakulani, "akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni," akawatawadha wanafunzi miguu. Kiongozi wako alitaja beseni na taulo kama vitu vilivyokuzuia kufika kwenye ibada. Mimi nilipofika kwenye maneno hayo nilishusha barua, nikanyamaza muda mrefu. Vyombo hivyo viwili Bwana alivishika kwa mikono yake usiku ule ule alioutoa mwili wake mezani.

Nina neno juu ya mwili wako wewe pia, kwa kuwa barua yako haikuutaja hata mara moja. Unaamka mara ngapi usiku? Mgongo wako uko je? Bwana alichoka, akaketi kisimani Samaria. Alilala ndani ya mashua dhoruba ikivuma, kichwa juu ya mto, na waliomwamsha walikuwa na shida ya kweli. Hakuona kwamba kulala ni kukosa imani. Waandikie kaka zako kwamba pesa peke yake haitoshi, mmoja aje wiki mbili ashike zamu, naye ajifunze kumfuta mama yake. Wengine watasema mwanamume haoshi mamaye. Basi amgeuze, afue, apike, akeshe. Mwulize muuguzi wa zahanati akuonyeshe namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na namna ya kumlisha asipaliwe. Na mwombe padri alete Komunyo nyumbani. Mweleze mapema kama mama anameza kwa shida, ili amwandalie kipande kidogo sana. Usifiche chumba, usipulizie manukato kwanza. Padri naye aingie kama kilivyo.

Jumapili ijayo, kabla ya wimbo wa kwanza, mwite yule mtoto mbele ya wenzake wale wale waliomcheka. Mwambie, "Swali lako lilikuwa zuri na mwalimu alikosea." Kisha wajibu wote, kwa sauti ile ile unayowafundishia habari za nyota na mamajusi. Watacheka tena. Waache wacheke, halafu waulize ni nani nyumbani kwao anayemwosha mtoto mchanga, na ni nani anayemwosha bibi.

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie nimemtaja kwa jina la mama wa mwalimu, na nitaendelea kumtaja alfajiri, saa ambayo nadhani nawe unachemsha maji.